Routinator, BGPalerter na LibreNMS baada ya mwaka na nusu: ipi inalinda rauti zako na ipi inakuonyesha ndani tu

Usiku ule LibreNMS, programu yetu ya kuangalia afya ya vifaa vya mtandao, ilikuwa kijani tupu. Kila rauta iko juu, kila linki iko juu, sesheni zote za BGP (itifaki ambayo mitandao inaambizana anwani zipi zinafikika kupitia nani) ziko Established, yaani zimeunganika, na hazijadondoka miezi, CPU iko chini, joto la vifaa liko sawa, na simu yangu haiachi kuita. Mteja mmoja anasema tangu jioni hapati chochote kutoka kwetu, mwingine anayetumia mtandao tofauti anasema mbona kwake inafunguka vizuri tu. Niliyekuwa naye zamu akaniambia "kaka, mi nikipingi kutoka kwenye simu yangu inajibu, huyo mteja ana shida ya kwake", na mimi lisaa lizima nikakubaliana naye maana skrini ilikuwa inasema hivyo hivyo.

Shida ilikuwa ya kwetu. Mchana wake tulikuwa tumehamisha /24 moja (fungu la anwani 256) kutoka kwenye /22 yetu (fungu la anwani 1,024) kwenda saiti ya pili, tukaitangaza kule peke yake, ile /22 ikabaki inatangazwa saiti ya kwanza kama siku zote, na kati ya saiti hizo mbili hatukuwa na linki ya ndani. Sasa ROA yetu, yaani ile hati iliyosainiwa inayosema AS fulani (mtandao fulani, kwa namba yake) ndo ina ruhusa ya kutangaza anwani fulani, ilikuwa imeandikwa /22 na maxLength yake 22, yaani kipande kidogo kuliko hapo hakiruhusiwi. Kwa macho ya RPKI, mfumo wa kukagua hati hizo, ile /24 mpya ni batili. Mitandao isiyokagua RPKI ikaipokea na kuleta trafiki saiti ya pili, mambo safi. Mitandao inayokagua ikaitupa, ikabaki na /22, ikaleta trafiki saiti ya kwanza ambako zile anwani hazipo tena, pakiti zinafika mlangoni zinafia hapo. Huku wanatuona kule hawatuoni, na ndani kwetu hakuna kifaa hata kimoja chenye kosa la kuonyesha.

Nimeanza na hiyo stori kwa sababu hizi programu tatu nimekaa nazo mwaka na nusu sasa na kila nikizitaja naulizwa swali lile lile, nichague ipi, kana kwamba zinashindana. Hazishindani kabisa. Routinator inazuia rauti (njia za kufikia anwani) za uongo zisiingie kwenye rauta zako, BGPalerter inasimama nje inakuambia dunia inakuonaje, LibreNMS inakuonyesha afya ya vifaa vyako ndani. Sisi tulikuwa na hiyo ya mwisho peke yake tukajihesabu kwamba tuna monitaringi. Zote tatu ni za bure na ni opensosi kwa hiyo sitazungumzia bei, nitazungumzia muda wako na usingizi wako.

Routinator kwanza maana ndo msingi. Inatengenezwa na NLnet Labs wa Uholanzi, imeandikwa kwa Rust, na ina kazi moja tu: inaenda kwenye hifadhi za RPKI za zile rejista tano za anwani duniani, yaani AFRINIC, APNIC, ARIN, LACNIC na RIPE NCC, inashusha ROA zote, inakagua saini moja moja, halafu zile zilizofaulu inazigeuza orodha na kuzipa rauta zako kwa itifaki ya RTR. Rauta haihangaiki na hesabu za saini, yenyewe inapewa orodha tu na kulinganisha. Kuiseti ni kazi ya asubuhi moja, unaiweka kwenye mashine ndogo ya Linux, mara ya kwanza inachukua dakika kadhaa kushusha kila kitu, baada ya hapo inajihuisha yenyewe. RTR iko poti 3323 na ukurasa wake wa kuangalia uko 8323, na huo ukurasa jamani ni mzuri mno, unaandika anwani na namba ya AS inakuambia papo hapo Valid, Invalid au NotFound na ROA ipi imesababisha. Ningekuwa nao ile siku ningeandika ile /24 yetu na ndani ya sekunde kumi ningejua kila kitu.

Kwa ambaye hii habari ni ngeni kwake, BGP yenyewe haina namna ya kujua nani anasema kweli. Mtu akitangaza anwani zako majirani zake wanamwamini, na akitangaza kipande kidogo kuliko chako ndo anashinda kabisa, kwa sababu rauta siku zote inafuata njia iliyo mahususi zaidi. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom walitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi yao tu, wakatengeneza rauti ya 208.65.153.0/24, ikatoka nje kupitia mtoa huduma wao PCCW ambaye hakuichuja, na kwa vile YouTube walikuwa wanatangaza 208.65.152.0/22 ile /24 ikawazidi nguvu, YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kwa kama masaa mawili. Hiyo ilikuwa ni bahati mbaya. Ya Aprili 2018 ilikuwa makusudi, wezi waliteka anwani za huduma ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ya Amazon, wakawapeleka watumiaji wa MyEtherWallet kwenye tovuti feki na kuwaibia sarafu zao za kidijitali za ethereum. Mtu akikuambia usalama wa rauti ni mambo ya wakubwa tu mkumbushe hao walioibiwa, wao walikuwa wanafungua pochi zao tu.

Nilivyoiwasha sikuanza kutupa rauti siku ya kwanza, na nakushauri usifanye hivyo. Wiki mbili nilikuwa naweka alama tu kwenye rauti batili na kuangalia trafiki kiasi gani inaelekea huko, nikakuta ni kidogo sana na karibu yote ina njia nyingine, ndo nikaweka sera ya kutupa. Unatupa Invalid peke yake. NotFound unaziacha zipite, maana hizo ni anwani ambazo wenyewe hawajatengeneza ROA bado, na bado ziko nyingi, ni Mei 2024 tu ndo rauti za IPv4 zenye ROA zilivuka nusu ya jedwali la dunia. Kuna mtu niliwahi kuona amekataa na NotFound, akawa amejikatia mwenyewe sehemu kubwa ya intaneti.

Sasa lawama. Routinator ikifa, inakufa kimya. Diski ya seva yetu ilijaa (uzembe wangu, niliacha logi za programu nyingine zikue bila mpango) na ukaguzi ukasimama. Rauta zinaishi na orodha ya mwisho kwa muda fulani, viwango vya RFC 8210 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) vinapendekeza masaa mawili, baada ya hapo orodha inatupwa na kila rauti inakuwa NotFound, maana yake zote zinapita. Huo muundo ni sahihi kabisa, afadhali upoteze kinga kuliko upoteze intaneti nzima, ila matokeo yake ni kwamba hakuna mteja atakayepiga simu kulalamika. Sisi tulikaa siku nne tukidhani tumelindwa. Siku nne! Dawa yake ninayo sasa, Routinator inatoa vipimo vyake kwenye /metrics kwa muundo wa Prometheus, programu ya kukusanya vipimo, kwa hiyo Prometheus inavisoma, na kama muda tangu ukaguzi wa mwisho umezidi dakika arobaini napata meseji. Pia nimeweka mkaguzi wa pili ambaye si Routinator, nimetumia rpki-client ya watu wa OpenBSD pamoja na StayRTR inayopeleka orodha yake kwa rauta, kwenye mashine nyingine. Programu mbili za familia tofauti, ili kasoro ya moja isiwe kasoro ya zote. Ukiweka Routinator mbili umejikinga na mashine kufa ila hujajikinga na kasoro ya programu.

Na kitu kingine watu wasidanganyike, huu ukaguzi unaangalia chanzo tu, yaani AS ya mwisho kwenye njia. Mwizi akibandika namba yako ya AS mwishoni mwa njia yake ya uongo, anapita. Na mtu akivujisha rauti halali kwa kuzipeleka kwa jirani asiyestahili, chanzo kiko sahihi, zinapita vile vile. BGPsec ilitoka 2017 kama RFC 8205 ili kusaini njia nzima lakini karibu hakuna anayeiendesha maana ni mzigo mzito kwa rauta. Kinachonipa matumaini ni ASPA, ambayo unatangaza watoa huduma wako wa juu ni kina nani, na kwa uvujaji kuna RFC 9234 ya 2022 ambayo pande mbili za sesheni zinakubaliana nani ni mteja nani ni mtoa huduma na BGP yenyewe inakataa kuvujisha. Hiyo ya pili BIRD na FRRouting, programu za kuendesha BGP, tayari zinaisapoti, nimeiwasha kwa jirani mmoja aliyekubali, inafanya kazi bila kelele.

BGPalerter ndo mpenzi wangu, naomba niseme wazi. Haina skrini, haina grafu, haina rangi, ni programu moja unaiwasha na inakaa kimya. Ilianzia NTT, inasikiliza RIS Live ya RIPE NCC, ambayo ni mkondo wa matangazo ya BGP kutoka kwa wakusanyaji waliosambaa duniani, na inalinganisha inachosikia na orodha ya anwani zako. Mtu akitangaza anwani zako inakuambia. Akitangaza kipande kidogo cha anwani zako inakuambia. Anwani zako zikianza kutoonekana na majirani wengi wa RIS inakuambia, ukitangaza kitu ambacho ROA inakikataa inakuambia, ROA ikikaribia kuisha muda inakuambia, AS mpya ikitokea pembeni yako kwenye njia inakuambia. Meseji inaweza kuja kwa baruapepe, Slack, Telegram na kwingine.

Kuiseti kulinishangaza, unaipa namba yako ya AS na komandi ya kutengeneza orodha, yenyewe inatafuta unachotangaza na kuandika prefixes.yml. Hapo usiridhike ukaondoka. Soma hiyo faili mstari kwa mstari, kwa sababu inaandika kile unachotangaza SASA HIVI, kama kuna kosa tayari basi kosa limeandikwa kama ukweli. Mimi kwenye hiyo kazi ya kusoma nilikuta /24 ya zamani ambayo tulidhani tuliacha kuitangaza mwaka mmoja nyuma, bado inatoka kwenye rauta ya akiba. Hapo bado programu haijaanza hata kufanya kazi yake na tayari imenilipa.

Wiki ya kwanza ilinipigia kelele, kila nikigusa kitu meseji inakuja, na nilikuwa karibu kuizima. Kumbe kelele ilikuwa ni mimi nabadilisha rauti bila kubadilisha orodha. Sasa hivi sheria yetu ni kwamba mabadiliko ya matangazo hayaendi kwenye rauta kabla prefixes.yml haijabadilishwa, na zote ziko kwenye git moja, hifadhi inayotunza kila badiliko, kwa hiyo meseji ikija ina maana yake. Udhaifu wake wa kweli ni huo, ukiisahau orodha inakuwa ama mpayukaji ama bubu. Anwani mpya ambayo hujaiandika na huna kipengele cha kufuatilia AS nzima, hiyo haiioni.

Kosa jingine ambalo naona wengi wanalifanya, na nililifanya, ni kuiweka BGPalerter ndani ya mtandao ule ule inaoulinda. Fikiria kidogo, anwani zako zikipotea duniani na yenyewe inapotea, haisikii RIS Live na haiwezi kutuma meseji. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilikaa chini kama masaa sita, rauti za kufikia seva zao za DNS ziliondolewa kwenye BGP, na mafundi wao wakakuta zana nyingi za ndani ambazo wangezitumia kutatua nazo hazifanyi kazi kwa sababu hiyo hiyo. Kama ilitokea kwa hao itatokea kwako na kwangu. Yangu iko kwenye mashine ndogo ya kukodi, mtandao mwingine kabisa, AS nyingine, mtoa huduma wa juu mwingine, na meseji zake zinaenda kwenye simu zetu bila kupita kwenye seva yetu ya baruapepe. Halafu kuna kitu kingine kinachoipingi yenyewe kila dakika, maana ukimya wa BGPalerter unafanana kabisa na BGPalerter iliyokufa.

LibreNMS sasa. Msinielewe vibaya kwa nilivyoanza, naipenda na siitoi. Ilijitenga na Observium mwaka 2013, ni PHP, inasoma vifaa kwa SNMP, itifaki ya kuviuliza hali yao, na uwezo wake wa kutambua vifaa vya kila aina umenishinda kuelezea. Unaipa rauta moja, yenyewe inafuata itifaki ambazo vifaa vinajuana kwazo (LLDP, CDP, OSPF, BGP na ARP) inakuletea majirani, baada ya siku moja unaona swichi ambazo ulisahau kama ziko. Poti, joto, feni, mwanga kwenye moduli za faiba, sesheni za BGP na idadi ya rauti unazopokea, vyote vinakuja bila kuandika chochote. Huo mwanga wa faiba peke yake umeniokoa mara mbili, unaona kwenye grafu unashuka taratibu wiki nzima, unaenda kubadilisha waya kabla linki haijafa.

Kabla yake nilikuwa na skripti yangu niliyoandika mwenyewe na niliipenda sana ila ilikuwa inanidanganya. Ilikuwa inasoma kaunta za biti 32, zile zinazohesabu baiti zilizopita, kila dakika tano. Kaunta ya biti 32 kwenye linki ya 1 Gbps iliyojaa inafika mwisho na kuanza sifuri kila sekunde 34 hivi, kwa hiyo kati ya usomaji mmoja na mwingine imeshazunguka mara nane na wewe hujui, unapata grafu nzuri yenye namba za uongo. LibreNMS inatumia kaunta za biti 64 pale kifaa kinapokuwa nazo, na lazima uwe SNMPv2c au v3, maana v1 haina kaunta hizo. Ukiweza nenda v3 moja kwa moja na uwashe usimbaji wake. Kwenye v2c lile neno la siri linasafiri waziwazi, na vifaa vingi vinakuja na neno "public" kutoka kiwandani, nimekuta kwenye swichi zetu tatu likiwa limeachwa vile vile na SNMP inasikiliza pande zote. Tumefunga, UDP 161 inajibu seva ya monitaringi tu na kwenye mtandao wa usimamizi tu.

Ninachoilalamikia ni zile dakika tano. Unaweza kuiseti dakika moja lakini mzigo unaongezeka na grafu za zamani zinahitaji kubadilishwa, si kazi ya kubonyeza mara moja. Na wastani wa dakika tano unaficha mambo. Tulikuwa na linki inaonyesha asilimia 60 tu, wateja wanalia sauti zinakatika kwenye simu za intaneti, tukabishana na mtoa huduma siku mbili. SmokePing, programu ya kupima linki kwa pingi, ndo ilimaliza ubishi, kwa kawaida inatuma pingi 20 kila dakika tano na inakuchorea zote, sio wastani peke yake, ikaonyesha kila jioni tunapoteza pakiti mbili tatu kwenye kila 20 na moshi wake, kile kivuli cha tofauti za muda wa pingi, umetanuka. Trafiki ilikuwa inakuja kwa mafungu ya nusu sekunde inajaza bafa, halafu inatulia, ukichukua wastani unaona kila kitu kiko poa. SmokePing sura yake ni ya kizamani, imeandikwa na Tobias Oetiker yule yule wa MRTG na RRDtool, na bado sijaona inayoieleza linki mbovu vizuri zaidi ya hiyo. Inaingia ndani ya LibreNMS pia kwa hiyo huna haja ya kufungua kurasa mbili.

Kuhusu tahadhari za LibreNMS, ile seti ya sheria inayokuja nayo usiiwashe yote. Tuliiwasha yote, meseji mia mbili kwa siku, baada ya wiki hakuna aliyekuwa anazisoma, na hali hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na meseji. Sasa tuna sheria kama kumi na moja. Nayoipenda zaidi ni ya idadi ya rauti kutoka kwa jirani, ikishuka au kupanda ghafla robo nzima napigiwa simu hata usiku, kwa sababu sesheni inaweza kuwa Established na jirani amekupa robo ya jedwali.

Hizi programu lakini hazifidii rauta iliyosetiwa hovyo. Kabla ya kuwasha chochote tulipitia mpakani kwanza, kikomo cha idadi ya rauti kwa kila jirani, filta zilizotengenezwa na programu ya bgpq4 badala ya kuandika kwa mkono, kukataa anwani zetu wenyewe zikiletwa kwetu na wa nje na zile zisizostahili kuwa kwenye intaneti, kinga ya TTL 255 (pakiti iliyotoka mbali inakataliwa) kwa majirani wa waya mmoja, pasiwodi kwenye sesheni, na sera inayofuata RFC 8212, kwamba jirani asiye na filta hapewi wala hapokelewi kitu. Na kuchuja pakiti zinazotoka kwa wateja na anwani za kughushi, huo mwongozo wa BCP 38 upo tangu mwaka 2000 na bado kuna watu hawajauweka.

Na akaunti ya rejista. Hapa nataka msomaji asimame kidogo. ROA zako zote zinakaa nyuma ya akaunti moja kwenye tovuti ya rejista, mwenye pasiwodi ya ile akaunti anaweza kukutoa kwenye intaneti bila kugusa rauta yako hata moja. Tarehe 3 Januari 2024 ndo ilivyokuwa kwa Orange ya Uhispania, mtu aliingia kwenye akaunti yao ya RIPE NCC iliyokuwa na pasiwodi dhaifu na haina uthibitisho wa hatua mbili, akaweka ROA zenye AS isiyo yao, rauti zao halali zikawa batili na mitandao inayokagua ikazitupa, wateja wakakaa masaa bila intaneti. Kinga ile ile ikageuzwa kisu. Siku niliyosoma ile taarifa nikaenda kuangalia ya kwetu, pasiwodi ilikuwa inajulikana na watu sita, wawili kati yao walishaacha kazi. Jioni hiyo hiyo tuliibadilisha, tukaweka hatua mbili kwa kila mtu na akaunti yake. Ukifanya kitu kimoja tu kutoka kwenye riviu hii fanya hicho, hata kabla ya Routinator.

Mkinilazimisha kutoa maksi, BGPalerter naipa tisa kwa kumi, ile moja naikata kwa sababu ya orodha kuhitaji mtu mwenye nidhamu. Routinator nane na nusu, kimya chake ndo kimepunguza. LibreNMS nane. SmokePing siipi maksi, hiyo ni kama bisibisi, lazima uwe nayo.

Miezi minne iliyopita tulihamisha /24 nyingine, kazi ile ile na saiti zile zile. Safari hii asubuhi tuliongeza ROA ya hiyo /24 peke yake badala ya kutanua maxLength ya ile /22, maana ukitanua unamwachia mwizi nafasi ya kutangaza vipande ambavyo wewe mwenyewe huvitangazi. Tukasubiri mpaka Routinator na rpki-client zote zimeiona, tukaongeza masaa mengine kwa ajili ya wakaguzi wa watu wengine wanaojihuisha kwa mwendo wao, tukabadilisha prefixes.yml, jioni ndo tukatangaza. Tuliiangalia kwenye RIPEstat, tovuti ya RIPE NCC ya kuona rauti zinavyoonekana duniani, ikipanda jirani mmoja baada ya mwingine hadi karibu wote wakaiona. BGPalerter haikutuma kitu. Nikaipingi kuhakikisha iko hai, ikajibu, na yule mwenzangu wa zamu ile ya kwanza akaniambia "kaka nenda kalale, mi nipo".